Kilo Mia na Ishirini za Nani?

Ukitaka kusikia namba zinazotamkwa kwa uso mkavu kuliko zote mjini Mtwara, achana na wanasiasa, achana hata na wavuvi. Ingia jimu yoyote, iwe Shangani, Ligula au Chikongola, jioni watu wanapotoka kazini, uulize swali moja tu: "Kaka, benchi unapiga ngapi?", yaani ukilala kwenye benchi unasukuma juu kilo ngapi. Jibu halichelewi, na huwa namba ya mviringo: mia, mia na ishirini, mia na arobaini. Themanini na saba na nusu hutaisikia. Kisha kaa pembeni umwangalie mwenyewe akilala kwenye benchi.

Kawaida yetu ni kufunga mjadala hapohapo: jamaa anapiga kamba. Mimi naona hukumu hiyo ina haraka. Fiksi za makusudi zipo na nitazifikia, ila sehemu kubwa ya kilo hewa zinazozunguka jimu zinatoka kwa watu wanaoamini wanachosema. Wamehesabu, tena mbele ya mashahidi. Tatizo ni kwamba "kilo 120" peke yake haijasema kitu mpaka tujue ni kilo za nini, kazipima nani, zimesafiri umbali gani, na kwa mikono ya watu wangapi.

Anza na chuma chenyewe, ile fimbo inayopachikwa uzito pande zote mbili. Chuma cha mashindano ya Olimpiki cha wanaume kina kilo 20 na urefu wa mita 2.2, cha wanawake kina kilo 15. Ukiweka pleti, yaani sahani ya uzito, ya kilo 20 kila upande wa kile cha wanaume unapata 60, ukiweka mbilimbili unapata 100. Hesabu hiyo kila mtu ameikariri, na kwa kuwa ameikariri anaitembeza hadi kwenye vyuma visivyohusika. Kile chembamba cha milimita 25 kinachouzwa na seti za nyumbani huwa na kilo kati ya 5 na 10, kutegemea urefu. Kile chenye mapindo cha kukunjia mikono mara nyingi hakifiki hata 10. Vyote vinaingizwa kwenye hesabu kama 20, kwa sababu "chuma ni ishirini". Kilo kumi zimeshazaliwa na hakuna aliyetoa jasho.

Njoo kwenye pleti. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani vimeandikwa kwa paundi, na vikishapita mikononi mwa wamiliki kadhaa, rangi imebanduka, herufi za lb zimefutika, imebaki namba tupu. Pleti ya 45 ya paundi ina kilo 20.4. Mtu akipachika nne za namna hiyo akazisoma kama kilo, anapata 180, anajumlisha chuma cha 20, anatangaza mia mbili. Ukweli uliokuwa juu ya kifua chake ni kilo 102 hivi. Hapo hakuna mwongo. Kuna msomaji mbaya wa vibao, na kilo 102 bado ni uzito wa heshima.

Zipo pia pleti za kwetu, zilizokatwa na fundi wa kuchomelea. Chuma kina uzito wa gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo sahani ya kipenyo cha sentimita 30 na unene wa sentimita 2 ina kilo 11 tu na pointi kidogo. Fundi akiipiga brashi na kuandika 15, nani atambishia? Kwenye mashindano ya kimataifa ya kunyanyua uzito kwa mitindo mitatu, yaani skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), benchi na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni), pleti hairuhusiwi kupishana na namba iliyoandikwa kwa zaidi ya robo ya asilimia au gramu 10. Pleti za kawaida za jimu, hata zile za dukani, hazijawahi kuahidi hivyo. Kupungua au kuzidi kwa asilimia kadhaa ni jambo lao la kila siku.

Watu wa Mtwara na Lindi ndio wa mwisho kuhitaji somo hili. Tangu msimu wa 2007 ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima wa korosho anajua kwamba mzigo wake hauna kilo mpaka upande kwenye mizani ya chama cha msingi, watu wauone, namba iandikwe kwenye karatasi. Na anajua vizuri kangomba ni nini: mtu anakufuata nyumbani kabla ya msimu, anakupimia kwa chombo chake mwenyewe, anakutajia kiasi anachokitaka yeye. Kilo nyingi za jimu ni za kangomba. Mnunuzi, mpimaji na mwandishi wa namba ni mtu mmoja, naye ndiye anayenufaika na namba anayoiandika. Tofauti ni kwamba kwenye korosho tunagombana mpaka afisa wa Wakala wa Vipimo aje, kwenye jimu tunapiga makofi.

Tuseme sasa uzito umepimwa sawasawa, ni kilo 100 kamili. Bado kuna swali la safari. Benchi maana yake chuma kishuke mpaka kiguse kifua, kitulie, kisha kipande mpaka viwiko vinyooke. Kwenye mashindano mwamuzi mkuu anatoa amri tatu: ya kuanza, ya kusukuma baada ya chuma kutulia kifuani, na ya kurudisha. Ukisukuma kabla ya amri, umefeli hata kama chuma kimepanda kama unyoya. Mwaka 2023 shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliongeza sharti jingine kwa ajili ya watu waliokuwa wakikunja mgongo kama upinde ili kufupisha safari: viwiko lazima vishuke hadi usawa wa kiungo cha bega au chini yake. Skwati nayo ina mstari wake, kwamba nyonga ishuke chini ya usawa wa goti. Waamuzi ni watatu, kila mmoja na taa yake nyeupe au nyekundu, na unahitaji nyeupe mbili.

Linganisha na tunavyofanya sisi. Chuma kinashuka hadi kinabaki nafasi ya kupita ngumi mbili, kinarudi juu. Au kinadundishwa kifuani, mbavu zinafanya kazi ya springi. Kwenye skwati goti linakunjwa kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu ya mkwe, na hapo ndipo namba inaporuka kuliko mahali pote, kwa sababu sehemu ngumu ya skwati ni ile ya chini kabisa. Ukiiruka hiyo, umebaki na sehemu ambayo miguu inaiweza kwa uzito mkubwa zaidi. Ndiyo maana utakuta mtu anayedai skwati ya 180 anapewa 100 na kuambiwa ashuke kweli, na anabaki hukohuko.

Kisha kuna mshikaji anayesimama nyuma ya benchi. Huyu ni mtu muhimu, bila yeye watu wangeumia. Ila sikiliza anachosema chuma kikianza kukwama: "Yako hiyo! Yako mwenyewe! Sijagusa!" Wakati huo vidole vyake viko chini ya chuma na mishipa ya shingo imemtoka. Akichangia kilo 15 peke yake, mlalaji hawezi kujua, kwa sababu anachokihisi ni kwamba chuma kilikwama kisha kikaenda, na furaha ya kwenda inafuta habari ya kukwama. Kwenye mashindano mguso mmoja wa mshikaji unatosha kufuta jaribio lote. Kwetu mguso ni adabu, na namba nzima inaandikwa kwa jina la aliyelala. Ukitaka kujua jimu ina kilo hewa kiasi gani, mtazame mshikaji mwenye mabega makubwa kuliko wanaolala.

Mashine zina ufundi wao wa kudanganya, na hazina hatia. Ile ya kulala na kusukuma kwa miguu kwenye reli iliyoinama nyuzi 45 ndiyo bingwa wa kuzalisha mabingwa. Kwenye mteremko huo sehemu ya uzito inabebwa na reli; inayokuja kwenye miguu ni asilimia 71 hivi. Pleti za kilo 200 zinasukumwa kama 141, ukiacha msuguano na uzito wa kitanda chenyewe, ambao nao hauandikwi popote. Zaidi ya hapo, kwenye skwati unanyanyua na mwili wako, huku kwenye mashine mwili umepumzika kwenye godoro. Kwa hiyo anayesema "miguu nasukuma mia tatu" anasema kweli, na bado mia tatu yake haina undugu wowote na mia tatu ya skwati.

Nyingine ni zile za waya na kapi. Kapi likiwa limefungwa pale pale, halipunguzi kitu, linageuza tu mwelekeo wa nguvu. Likiwa linatembea pamoja na mzigo, linaigawa nguvu mara mbili: kibao kinasema 80, mkono unavuta 40, na fidia yake ni kwamba waya unasafiri mara mbili ya umbali wa mzigo. Mabaharia na watu wa bandarini wanalijua hilo kabla ya jimu kuzaliwa. Mashine mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na mpangilio tofauti wa kapi, ndiyo maana mtu anahama jimu moja kwenda nyingine na kukuta "amepoteza nguvu" ndani ya wiki. Hajapoteza kitu. Na ule mtambo wenye chuma kilichofungwa kwenye reli za wima, ambao mara nyingi hufungiwa uzito mwingine wa kukivuta juu, chuma chake kinaweza kuwa na kilo 10 au pungufu, tena hakihitaji kusawazishwa. Benchi ya humo ihesabiwe humo.

Kuna namba nyingine ambayo haikunyanyuliwa kabisa: ile iliyokokotolewa. Si kila mtu anataka kujaribu uzito wake wa juu kabisa, na hiyo ni busara, kwa hiyo watu hutumia kanuni ya kukadiria. Inayotumika sana inaitwa ya Epley: chukua uzito uliounyanyua, idadi ya mara ulizoweza igawe kwa 30, jumlisha moja, zidisha. Kilo 80 mara kumi inatoa 106 na ushee. Kanuni nyingine, ya Brzycki, inazidisha uzito kwa 36 na kugawa kwa 37 kutoa idadi ya mara. Kwa 80 mara kumi inatoa jibu lilelile. Kufikia hapo mambo ni mazuri. Sasa chukua kilo 60 mara ishirini. Epley anasema uzito wako wa juu ni kilo 100. Brzycki anasema 127. Kilo 27 zimeota kati ya wataalamu wawili na hakuna aliyeongeza pleti. Kanuni hizi zinaaminika kwa mara chache, tuseme zisizozidi kumi. Ukipanda juu ya hapo unapima pumzi kuliko nguvu. Lakini programu ya simu haijali. Unaingiza namba, inakutolea 127, na kesho yake hiyo ndiyo "benchi yako".

Na kumbukumbu je? Watu wote tunajikumbuka kwa siku yetu bora. Aliyewahi kusukuma 100 mara moja, miaka mitatu iliyopita, akiwa amelala vizuri na ameshiba, anajibu "napiga mia" kwa kitenzi cha sasa. Wengine wana 120 za kabla ya kuumia bega. Hizo hazipingiki, kwa sababu bega ndilo shahidi na bega haliongei.

Sababu ya watu kutaka namba kubwa haihitaji falsafa ndefu. Kijana wa jimu hawezi kukuonyesha nguvu zake kijiweni. Anachoweza kukuonyesha ni mwili na namba. Mwili unaonekana, ila unadanganya pia, maana misuli mikubwa na nguvu nyingi vinaenda pamoja bila kulingana, na mwembamba mwenye mazoezi ya muda mrefu anaweza kumshinda pandikizi la mtu. Kwa hiyo namba ndiyo inabaki, na wenzake wote wameshataja za kwao zikiwa zimeshiba. Ukiwa mkweli peke yako kwenye kundi la namna hiyo, unaonekana dhaifu kwa kosa la uaminifu. Hapo ndipo hata mtu mnyoofu anaposogeza 95 hadi 100, na 100 hadi 110. Wapo pia wanaopata riziki kwa namba hizo, walimu wa mazoezi na mabaunsa, ambao mteja akiuliza hawawezi kujibu sabini.

Kama unataka kipimo cha kuchujia, kumbuka rekodi. Benchi kubwa kuliko zote iliyowahi kufanywa bila fulana maalumu ya kubana ni kilo 355, ya Mmarekani Julius Maddox, mwaka 2021, naye ni mtu mkubwa kupita kiasi. Jirani yako wa kilo 70 akidai 180, anadai zaidi ya nusu ya uzito wa rekodi ya dunia, na zaidi ya mara mbili na nusu ya mwili wake. Watu wa kuweza hayo wapo duniani, lakini hawajifichi, wana medali. Na hata huko juu, swali la "kilo za nani" halijaisha. Kwa fulana maalumu, inayokaza kifuani na kukisaidia chuma kurudi juu, rekodi ya benchi imepita kilo 600. Zoezi ni lilelile, jina ni lilelile, na tofauti kati ya namba hizo mbili ni zaidi ya kilo 200 za kitambaa. Mwaka 2016 Mwingereza Eddie Hall alinyanyua dedilifti ya kilo 500 mjini Leeds, damu zikamtoka puani. Mwaka 2020 Hafthor Björnsson wa Iceland akanyanyua 501 ndani ya jimu yake kwao, mashindano yakiwa yamefungwa kwa sababu ya korona, na Hall akagoma kuitambua kwa kuwa haikufanyika mashindanoni. Björnsson baadaye aliipita namba hiyo mbele ya watu. Kama mabingwa wa dunia wanabishana nani aliona na wapi, sisi wa Chikongola tusishangae.

Kipimo kingine kiko karibu zaidi. Gunia la korosho, lile la katani, hukaribia kilo 80. Msimu ukifika nenda ghalani uwaangalie makuli. Utaona vijana wembamba wakitembea na gunia kichwani hadi juu ya ubao, na hapo ndipo mabishano ya jimu yanapochanganyikiwa, maana kuna anayesema "kuli yule angepiga benchi mia mbili". Hapana. Gunia mara nyingi hutwikwa na wenzake wawili, kisha yeye analibeba kwa uti wa mgongo na miguu. Kubeba si kunyanyua, na kunyanyua si kusukuma ukiwa umelala. Mlaze kuli benchini na kilo 80 siku ya kwanza, atahangaika. Mtwike mbeba vyuma magunia mfululizo mpaka saa sita mchana, hutamwona tena wiki hiyo. Kila nguvu ina mahali ilipozoezwa.

Fiksi za makusudi nazo zina sura zake. Zipo pleti za kupigia picha, nyepesi, zilizotengenezwa zionekane kama chuma. Kwenye video huwa zinajisaliti: chuma cha kawaida kikibeba kilo 200 na zaidi hujipinda kidogo kwenye dedilifti kabla pleti hazijaacha sakafu, na mtu aliye karibu na mwisho wa uwezo wake hunyanyua polepole, anatetemeka. Ukiona kilo 250 zinapanda kwa kasi, chuma kimenyooka kama rula na mnyanyuaji anaangalia kamera, unaweza kuendelea na shughuli zako.

Haya yote yangekuwa burudani tu kama yasingeumiza mtu. Anayeumia mara nyingi si msemaji. Ni mgeni wa wiki ya pili aliyesikia kwamba watu wa saizi yake wanapiga 100, akajiona amechelewa, akajaribu 80 peke yake mchana jimu ikiwa tupu. Ukilazimika kulala benchi bila mshikaji, usifunge vibano vya pleti. Chuma kikikulalia kifuani unaweza kukiinamisha upande mmoja pleti zikamwagika. Kelele zitakuwa kubwa na mwenye jimu atafoka, na utatoka mzima.

Nimewaacha kwa makusudi wale wanaofanya tizi uani, na vyuma vya zege: bomba katikati, kopo la rangi lililojazwa zege kila mwisho. Hawa wana hesabu yao ya ajabu. Wengi huhesabu kopo kuwa na kilo sawa na lita zake, kama maji: kopo la lita 4, kilo nne, ndoo ya lita 20, kilo ishirini. Zege si maji. Lita moja ya zege lililoshindiliwa vizuri ina uzito wa kilo 2.4 hivi, na likiwa la mchanga na saruji tu, kilo 2 na kitu. Kopo la lita 4 kwa hiyo linakaribia kilo 9, na ndoo mbili za lita 20 zilizojaa ni zaidi ya kilo 80, bomba halijahesabiwa. Kijana wa uani Magomeni anayesema anapiga arobaini huenda anapiga themanini.

Kukadiria kwa ujazo kuna mitego hata kwa wasomi. Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria, aliyechimbwa kilima cha Lindi kati ya 1909 na 1913 na mifupa yake kubebwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi na kupelekwa Berlin, alipimwa mwaka 1962 kwa kufukia mfano wake kwenye mchanga na kukokotoa, akapewa tani 78. Mwaka 1980 watafiti wengine, waliokokotoa kwa unene wa mifupa ya miguu, wakampa tani 15. Makadirio ya siku hizi yako katikati. Yeye hawezi kupanda mizani. Kopo lako linaweza. Mwombe muuza nafaka wa sokoni akupimie asubuhi kabla wateja hawajajaa, au panda mizani ya kawaida ukiwa umelikumbatia, kisha utoe kilo zako. Pima kila upande peke yake, kwa sababu makopo mawili yaliyojazwa na mtu mmoja siku moja yanaweza kupishana kwa kilo nzima na kukupinda bega. Bomba lipimwe nalo. Ukishapata namba ichore ubavuni kwa rangi ya mafuta, maana ya chaki itafutika kwa jasho wiki hiyohiyo na mabishano yataanza upya.